Daftari la Maendeleo la Mwanafunzi Mwenye Mahitaji Maalumu katika Darasa la Kawaida

Kila mwaka walimu watarajiwa tunaowapeleka katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za Mkunya na vijiji jirani vya Newala hurudi chuoni wakiwa na swali lile lile: "Mkufunzi, nifanye nini na yule mtoto wa nyuma?" Mtoto wa nyuma ana sura nyingi. Mmoja hunakili ubaoni neno moja wakati wenziwe wamekwisha sentensi tatu. Mwingine huitwa mara mbili asigeuke. Wa tatu yu darasa la tatu na hajui kuhesabu zaidi ya nne, naye hufurahi kila akiitwa jina lake. Mwalimu mtarajiwa humwona, humhurumia, na baada ya majuma kadhaa huondoka.

Makala hii inakusudia kumjibu mwalimu huyo, na mwenzake aliyekwisha kuajiriwa. Bingwa wa elimu maalumu anayajua mengi zaidi ya haya. Mimi namwandikia mwalimu wa kawaida, mwenye ubao mmoja, chaki za kuhesabu na watoto sitini au sabini mbele yake. Jambo ninalotaka kumshawishi ni hili: msaada anaopewa mtoto usipoandikwa, humalizika siku mwalimu anapohamishwa; na maendeleo ya mtoto huyo hayawezi kuonekana kama atapimwa kwa nafasi yake darasani peke yake.

Jinsi mtoto huyu alivyofika darasani kwetu

Si muda mrefu tangu mtoto asiyeona au asiyesikia aanze kupata elimu ya shule katika nchi hii. Shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Ile ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Hizo zilikuwa shule za bweni, mbali mno na Newala, na mtoto wa uwanda wa Makonde aliyepelekwa huko alikuwa mwenye bahati ya pekee. Wengine walibaki nyumbani.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kuanzia mwaka 1977 madarasa yalifunguliwa kwa watoto wa kila kijiji. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimu kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ikataja haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake. Mwaka 2016 ada na michango ya lazima viliondolewa, wakaja pia wale waliokuwa wakifichwa kwa sababu ya umaskini. Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu, nao ni msaada mkubwa palipo na mmoja wao. Hata hivyo watoto ni wengi kuliko walimu hao, na wengi wao wamo katika darasa la mwalimu ambaye hakufunzwa kazi hiyo.

Hata majina tunayowaita yamebadilika. Katika maandishi ya zamani neno "taahira" lilikuwa neno la ofisini kabisa. Siku hizi twasema mtoto mwenye ulemavu wa akili. Mabadiliko haya ni mema, lakini nimeona walimu wanaotaja majina mapya kwa ufasaha huku mtoto mwenyewe bado ameketi dawati la mwisho.

Kosa nililolifanya mwenyewe

Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, katika shule moja ya uwanda huu, nilikuwa na mvulana wa darasa la nne ambaye alama zake zilikuwa za mwisho au za pili kutoka mwisho. Katika kadi yake nilimkuta ameandikwa na mwenzangu aliyenitangulia "mzito wa kuelewa". Nami muhula wa kwanza nikaandika vivyo hivyo.

Siku moja nilimtuma alete kitabu, nikamwona amekifungua njiani, amekiweka karibu kugusa pua, anasoma kwa sauti ya chini bila kukosea. Juma lililofuata nilimhamishia dawati la kwanza, nikampa ruhusa ya kusimama na kuukaribia ubao kila anapotaka, na nikaanza kuandika kwa herufi kubwa zaidi. Hadi mwisho wa mwaka alikuwa katikati ya darasa. Nilijiona mwalimu hodari. Ila sikuandika popote nilichokifanya. Mwaka uliofuata nilihamishwa.

Miaka mitatu baadaye nilipita kijijini hapo, nikakutana na bibi aliyemlea mtoto huyo. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona wale waliokuja baada yako walimrudisha nyuma? Ni wewe tu uliyejua kwamba macho yake hayafiki mbali?" Nilipouliza zaidi nikaambiwa kwamba mvulana alikwisha fanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa karatasi ya kawaida, katika muda wa kawaida, na hakuchaguliwa.

Jambo hili lingeweza kuwa vinginevyo. Baraza la Mitihani la Tanzania huwatengenezea watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi yaliyokuzwa, na wasioona hupewa maandishi ya nukta nundu. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini Baraza haliwezi kumjua mtoto wa kijijini. Humjua kwa taarifa zinazotoka shuleni wakati wa kuandikisha watahiniwa. Mwalimu wa darasa la mwisho aliyemwandikisha mvulana yule hakuwa na karatasi yoyote ya kumweleza. Karatasi hiyo ilipaswa kuandikwa na mimi.

Kumtambua mtoto

Kabla ya kuandika chochote, yapasa kujua mtoto anahitaji nini. Mwalimu si daktari wala hatakiwi kuutaja ugonjwa. Anatakiwa kuona, kujaribu, na kumpeleka mtoto panapostahili.

Kwa macho, lipo jaribio jepesi ambalo darasa lolote laweza kulifanya. Chora herufi E kubwa, nyeusi, kwenye kadi nyeupe, yenye kimo cha milimita 26. Msimamishe mtoto mita 6 kutoka kwenye kadi, mahali penye mwanga wa kutosha. Igeuze kadi ili miguu ya E ielekee juu, chini, kushoto au kulia, naye aonyeshe kwa mkono inakoelekea. Mtoto asiyejua kusoma naye aweza kufanya jaribio hili, na watoto hulipenda kama mchezo. Akikosea mara nyingi, apelekwe hospitali. Na kabla hajapelekwa, asogezwe mbele siku ile ile.

Hapa kwetu kuna jambo la kuangalia. Kati ya Juni na Agosti wakulima hupuliza unga wa salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na watoto wengi huenda shambani na wazazi wao. Mtoto aweza kuja shuleni macho mekundu yanayotoka machozi, akashindwa kusoma kwa siku kadhaa. Andika tarehe. Ukimpima tena baada ya majuma mawili ukamkuta anaona vyema, umejua kwamba hali ile ilikuwa ya kupita. Ukimkuta bado, hapo pana jambo.

Mtoto mwenye ualbino hana haja ya kungoja jaribio. Uoni wake karibu kila mara ni hafifu, na mwanga mkali humwumiza macho. Aketi mbele lakini mbali na dirisha linaloingiza jua moja kwa moja, aruhusiwe kuvaa kofia ndani ya darasa na mikono mirefu nje, na kazi za shamba la shule apewe zile za kivulini. Nimeshuhudia mtoto wa namna hii akivuliwa kofia mstarini kwa sababu "kofia si sare". Mwalimu aliyefanya hivyo hakuwa mkatili. Hakuwa ameambiwa tu.

Kwa masikio, simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono mmoja, asikuone midomo. Nong'ona maneno anayoyajua: maji, jembe, korosho. Ayarudie. Wale wa darasa la kwanza ambao bado wanajifunza Kiswahili waambiwe kwa Kimakonde, vinginevyo utakuwa unapima lugha wala si masikio. Mtoto mwenye sikio linalotoa usaha apelekwe zahanati bila kukawia, hata kama amezoea hali hiyo. Usikivu wake waweza kupanda na kushuka, kwa hiyo wiki hii atajibu na wiki ijayo ataonekana mkaidi.

Niongeze neno juu ya matamshi, kwa sababu nimeona wenzetu wanaotoka mikoa mingine wakikosea. Mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimakonde aghalabu husema "kuludi" mahali pa "kurudi", na "balua" mahali pa "barua". Huyo hana kilema cha kusema. Anaitumia sauti aliyonayo katika lugha ya nyumbani, naye atajifunza nyingine pole pole. Kumwandika katika orodha ya watoto wenye matatizo ya kusema ni kuijaza orodha upuuzi, na yule mwenye tatizo la kweli atapotea humo.

Kuhusu watoto wenye ulemavu wa viungo sitasema mengi, kwa kuwa mahitaji yao huonekana kwa macho: njia ya kuingilia darasani, choo, meza ya kimo kinachofaa. Fundi wa kijiji hutengeneza mengi ya haya akielezwa.

Namna ya kuandika

Chukua daftari la kawaida. Kila mtoto apewe kurasa zake. Chora safu nne: tarehe, kazi aliyopewa, msaada aliopewa, na alichokifanya. Safu ya tatu ndiyo ambayo walimu huisahau, nayo ndiyo yenye thamani kubwa kwa mwalimu ajaye. Mfano wa kurasa za mtoto mwenye uoni hafifu wa darasa la tatu waweza kuwa hivi:

Tarehe 7 Machi. Kunakili maneno 10 ubaoni. Hakuna msaada, dawati la nne. Amenakili 3, mawili yana makosa.
Tarehe 14 Machi. Kunakili maneno 10. Ameketi hatua mbili kutoka ubaoni. Amenakili 6.
Tarehe 21 Machi. Kunakili maneno 10. Hatua mbili, herufi zimekuzwa, ameruhusiwa kusimama na kusogea. Amenakili 9, yote sahihi.
Tarehe 28 Machi. Kazi ile ile. Ubao haukufutwa vizuri, umebaki mweupe. Amenakili 5.

Mwalimu yeyote akizisoma kurasa hizi kwa dakika moja atajua afanye nini kesho, pamoja na kwamba ubao usafishwe kwa kitambaa kibichi. Linganisha na maneno "anajitahidi" au "mzito". Maneno hayo mawili nimeyapiga marufuku kwa wanafunzi wangu, pamoja na "mvivu", "mtoro" na "hana bidii", kwa kuwa hayasemi mtoto alifanya nini wala mwalimu alifanya nini.

Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, kazi ni kuivunja kazi. Mwalimu akiandika "hajui kuhesabu", hana mahali pa kuanzia. Aweke korosho kumi mezani, kisha aangalie. Je, mtoto aweza kuzihamisha moja moja kutoka upande huu hadi ule? Je, hutaja namba moja kwa kila korosho, au hukimbiza namba na korosho zikabaki nyuma? Akiambiwa atoe nne, husimama kwenye nne au huendelea hadi zikwishe? Akiulizwa "ziko ngapi", hujibu kwa namba ya mwisho au huanza kuhesabu upya? Kila swali hapo ni hatua, na mtoto aweza kukaa kwenye hatua moja mwezi mzima. Katika orodha ya darasa nafasi yake haitabadilika hata kidogo: alikuwa wa mwisho Februari, atakuwa wa mwisho Mei. Katika daftari lake itaonekana kwamba Februari alikuwa akihamisha tu, na Mei hutoa nne akaacha. Hayo ni maendeleo, na mzazi akionyeshwa atayaelewa upesi kuliko atakavyoelewa alama 8 kwa 50.

Msomaji atauliza: nitapata wapi muda? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba usijaribu kuwaandika wote. Chagua watoto watano, sita wakizidi. Kila Ijumaa, wenzao wanapofanya zoezi, mwite mmoja mmoja kwa dakika mbili au tatu, umpe kazi fupi, uandike mstari mmoja. Ni robo saa kwa juma. Nimewaona walimu wakianza na watoto kumi na tano, wakaandika kurasa nzima kila siku, na hadi juma la tatu daftari limefungwa wala halikufunguliwa tena.

Majuma matatu yakipita na mistari inafanana, badilisha kilichomo katika safu ya tatu. Labda mtoto asiyesikia vyema amewekwa mbele, lakini sikio lake zuri limeelekea ukutani. Labda mwenzake wa kumsaidia anamfanyia kazi yote. Labda mwalimu husema akiwa ameugeukia ubao, hata mtoto asiweze kusoma midomo yake.

Msimu wa korosho

Mavuno ya korosho hapa huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Familia nyingine huhamia mashambani, na mahudhurio hupungua. Mtoto wa kawaida akirudi hushika upesi. Mtoto anayejifunza pole pole aweza kupoteza hatua mbili au tatu, na mwalimu asiyejua hudhani kwamba amefika kikomo cha uwezo wake. Kwa hiyo andika waziwazi: "hakuwapo majuma manne, mavuno". Anaporudi, mpime upya, anzia hatua aliyopo, wala usimlaumu. Ukiweza, ongea na walezi kabla ya mavuno, uwaeleze kwamba mtoto anaweza kuhesabu korosho zile zile shambani: kumi kumi, kila jioni, mbele ya bibi yake. Wapo walezi waliolifanya jambo hili vizuri kuliko sisi.

Juu ya walezi, mwalimu mgeni ajue kwamba kwa Wamakonde ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Ukimwita baba peke yake ukaafikiana naye kwamba mtoto apelekwe hospitali, huenda safari isitokee. Mwulize mtoto anakaa kwa nani, na ni nani hasa anayesemwa kuwa mwenye neno. Mara nyingi utaambiwa mjomba, au bibi mzaa mama. Nenda kwake mwenyewe ukamwamkie, umketie mkekani, umwonyeshe daftari hata kama hasomi, umsomee mstari mmoja mmoja. Usianze na yale asiyoyaweza mtoto. Anza na Februari, kisha Mei.

Daftari likae wapi

Mwaka wa kwanza tulipoagiza walimu watarajiwa wetu waandike daftari hizi, tuliziweka pamoja na andalio la somo na azimio la kazi, tukazikusanya mwisho wa mazoezi ili tuzisahihishe. Zilikuwa nzuri. Moja ilihusu msichana wa darasa la pili asiyesikia sikio la kushoto, na ilieleza mahali hasa pa kumketisha. Tuliipa alama za juu. Mwaka uliofuata nilifika katika shule ile kumkagua mwalimu mtarajiwa mwingine, nikamkuta msichana ameketi upande ule ule mbaya, karibu na mlango, na mwalimu wa darasa akaniambia kwa masikitiko kwamba mtoto huyu hasikilizi. Daftari lake lilikuwa chuoni kabatini, limepigwa tiki nyekundu.

Siku hizi mkufunzi husahihisha shuleni, siku ya ukaguzi. Mwalimu mtarajiwa anapoondoka, daftari hubaki: hukabidhiwa mwalimu wa darasa mbele ya mwalimu mkuu, nao wote watatu hutia sahihi ukurasa wa mwisho. Kila mwaka mtoto apandapo darasa, hupanda nalo. Akihamia shule nyingine, kurasa zake hunakiliwa na kutiwa pamoja na barua ya uhamisho. Afikapo darasa la mtihani, mwalimu mkuu huzitoa kurasa hizo kabla ya kujaza fomu za kuandikisha watahiniwa, na katika orodha huandika uoni hafifu, au usikivu hafifu, au hali yoyote iliyomo, pamoja na tarehe ilipoonekana kwa mara ya kwanza.